Homoni ya Kiume: Tiba Yake Humfaa Nani?

Magharibi ya milima ya Upare, katika bonde ambamo mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana, maji yamezuiwa tangu katikati ya miaka ya 1960 na ukuta wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Watu wengi hulijua bwawa hilo kwa perege wake, na kwa kituo cha umeme cha megawati 8. Lakini kazi yake kubwa haionekani kwa mpita njia. Bwawa huupimia mto Pangani maji yake. Huko chini, mbali na tambarare za Same, mto huohuo huzungusha mitambo ya Hale na ya Pangani, na mitambo haipendi kupewa mafuriko leo na ukame kesho. Kwa hiyo maji ya bwawa huachiliwa kwa wingi au kwa uchache kulingana na mahitaji ya huko chini.

Mwanafunzi anayetaka kuelewa jinsi homoni ya kiume inavyotawaliwa mwilini hahitaji mfano ulio mbali zaidi ya huo. Mfano huo una faida kwa watu wazima pia. Siku hizi wanaume wengi wa makamo, na vijana si wachache, huuliza hospitalini, katika maduka ya dawa na hata kwa wachuuzi wa vituo vya mabasi kama yafaa waongezewe homoni hiyo ili warudishe nguvu zao. Swali hilo haliwezi kujibiwa vema na mtu asiyejua lango liko wapi na nani hulifungua.

Jogoo, maksai na perege

Wafugaji walijua kazi ya korodani zamani kabla ya wanasayansi. Ndama dume akihasiwa huwa maksai: mtulivu, mwepesi wa kufundishwa kulima, wala hana haja na majike. Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alilichunguza jambo hilo kwa majogoo wachanga. Waliohasiwa walikua bila undu mkubwa mwekundu, hawakuwika wala hawakupigana. Lakini wale aliowarudishia korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili na zikiwa zimekatwa mishipa yote ya fahamu, walikuwa majogoo kamili. Ilikuwa dhahiri kwamba korodani hutia kitu fulani katika damu. Kitu hicho kilipatikana kikiwa safi mwaka 1935, kutoka korodani za mafahali, na Ernst Laqueur na wenzake wa Amsterdam, wakakiita testosteroni. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kukitengeneza maabarani, na mwaka 1939 walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Nguvu ya homoni hiyo yaweza kushuhudiwa hata kwa samaki. Katika vituo vingi duniani vya kuzalisha vifaranga vya perege, vifaranga hulishwa kwa majuma matatu au manne chakula kilichochanganywa na homoni ya jamii ya testosteroni, na karibu wote huwa madume, hata wale ambao kwa urithi wangekuwa majike. Wafugaji hupenda hivyo kwa sababu perege dume hukua upesi kuliko jike. Homoni, basi, haiongezi nguvu tu kama chakula kinavyoongeza. Hutoa amri, nao mwili hutii.

Lango la bwawa

Chini ya ubongo iko tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere iitwayo pituitari, na juu yake iko sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Haipothalamasi huiamuru pituitari, nayo pituitari hutia katika damu homoni mbili ambazo vitabu huziita kwa kifupi LH na FSH. LH huziamuru seli za Leydig zilizomo katika korodani zitengeneze testosteroni. FSH huzishughulikia seli za Sertoli, walezi wa mbegu za kiume. Testosteroni ikishaingia katika damu huenda kwenye misuli, mifupa, ngozi na uboho, na pia hufika ubongoni ikiwa kama taarifa. Ikionekana nyingi, amri hupunguzwa; ikionekana haba, amri huongezwa.

Kwa mfano wa Nyumba ya Mungu, ubongo na pituitari ni ofisi inayoamuru lango lifunguliwe, korodani ni bwawa, na damu ni mto. Sasa na ichukuliwe kwamba mtu fulani, kwa nia njema, anamimina maji mengi ndani ya mto huko Korogwe. Kipimo cha maji cha Hale kinapanda. Ofisi ikisoma kipimo hicho peke yake huona mto umejaa, nayo huamuru lango lifungwe. Mitambo ya Hale huzunguka vizuri kuliko jana. Lakini kinamasi cha Kirua na mashamba yote yaliyo kati ya bwawa na Korogwe hayapati hata tone moja la maji yale ya kumiminwa, nayo hukauka.

Ndivyo inavyokuwa mwanaume anapochomwa testosteroni. Ndani ya korodani homoni hiyo huwa na wingi unaoshinda ule wa damu ya mkononi kwa makumi ya mara, na mbegu za kiume haziwezi kukomaa bila wingi huo. Sindano ya paja hujaza damu, lakini haiwezi kulijaza shamba lile la ndani. Pituitari huona damu imejaa, huacha kutoa LH na FSH, na korodani hulala. Baada ya miezi michache huweza hata kusinyaa.

Shirika la Afya Duniani lilithibitisha jambo hili kwa makusudi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya na wenye uwezo wa kuzaa walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila juma. Katika muda wa miezi sita 157 kati yao hawakuonekana na mbegu hata moja. Hao waliendelea na sindano kwa mwaka mmoja bila kinga nyingine yoyote, na mimba iliyotungwa ilikuwa moja tu. Yaani dawa ambayo wauzaji huisifu kuwa hukamilisha uanaume ndiyo ileile ambayo mabingwa waliijaribu iwe kinga ya mimba, nayo ikafanya kazi hiyo vizuri.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa vijana, na ni ajabu kwamba jambo hili husemwa kwa nadra. Mtu wa miaka 34 ameoa miaka mitatu iliyopita na hajapata mtoto. Katika familia nyingi za Afrika ya Mashariki anayeulizwa kwanza ni mke. Yeye ndiye hupelekwa kwa daktari na kwa mganga, na yeye ndiye husikia maneno ya mawifi. Mume, akiona macho ya wazazi na ya wakwe yameanza kumgeukia, hutafuta sindano ya nguvu. Misuli yake hujaa, tamaa hupanda, naye hujiona mzima kuliko zamani. Kwa hiyo jamaa wote huzidi kuamini kwamba kasoro iko kwa mke. Kumbe mbegu zake, ambazo labda zilikuwa chache tu, sasa zimekwisha kabisa.

Mara nyingi korodani huamka sindano zikiachwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, uliokusanya habari za wanaume zaidi ya 1,500 waliojaribu kinga za namna hii, ulionyesha kwamba thuluthi mbili hivi walirudia kiwango cha mbegu milioni 20 kwa kila mililita ya shahawa katika miezi sita, na tisa katika kila kumi katika mwaka mmoja. Wachache walingoja hadi miaka miwili. Lakini hao walianza wakiwa wazima. Aliyeanza na mbegu haba hawezi kupewa ahadi kama hiyo.

Kwa sababu hiyo mwanaume anayetazamia kupata mtoto karibuni hapewi testosteroni. Kipimo chake cha kwanza ni shahawa chini ya hadubini, kazi ambayo haihitaji mitambo mikubwa. Akionekana ana upungufu wa homoni uliosababishwa na ofisi ya juu, ziko dawa nyingine ambazo huliamsha bwawa lenyewe badala ya kumimina maji chini yake: hCG, ambayo hufanya kazi ya LH, na wakati mwingine klomifeni, ambayo huuzuia ubongo usiione taarifa ya wingi wa homoni.

Upungufu wa kweli na upungufu wa kudhaniwa

Wako wanaume ambao kwao testosteroni ni tiba kwelikweli, tena ya maisha. Mvulana aliyezaliwa na kromosomu X moja zaidi, hali iitwayo Klinefelter inayompata takriban mmoja katika kila wavulana 600, mara nyingi huwa na korodani ndogo zisizoweza kutimiza kazi yake. Matubwitubwi yakimpata mtu aliyekwisha balehe huweza kuziharibu korodani. Wengine zimepotea kwa ajali, kwa kujisokota au kwa upasuaji wa saratani. Kwa hawa LH huwa juu sana, maana ofisi inapiga kelele na bwawa ni tupu. Kwa wengine LH huwa chini ingawa testosteroni nayo ni haba. Hapo kosa liko juu: pengine uvimbe wa pituitari, ambao huweza kuleta maumivu ya kichwa na kupunguza uwezo wa kuona pembeni, pengine matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya kasumba, pengine unene uliopita kiasi au ugonjwa wa kisukari. Ndiyo maana kumchoma mtu sindano kabla ya kupima LH ni sawa na kujaza mto bila kuuliza kwa nini lango limefungwa. Uvimbe hauponi kwa testosteroni.

Kupima kwenyewe kuna adabu zake. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka jioni, hasa kwa vijana. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi, kabla ya chakula, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Mtu mwenye malaria kali, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au anayeshinda na njaa hapimwi, kwa sababu maradhi na njaa hulifunga lango kwa muda. Mwili ulio taabani huahirisha mambo ya uzazi, na huko si kuugua kwa korodani.

Kiwango cha kawaida ni kipi? Mabingwa wa Marekani hukitazama kwa wasiwasi kiwango kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita, na wengine hutumia 264. Tarakimu hizo zilitokana zaidi na wanaume wa Marekani na Ulaya, na watafiti waliofika pande zetu wameonyesha kwamba kiwango hubadilika kwa maisha. Peter Ellison na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2002, walipima mate ya wanaume wa Boston na ya wakulima wa Kilese wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, pamoja na watu wa Nepal na Paraguay. Vijana wa Boston walikuwa juu ya wote, lakini wanaume wa miaka 45 hadi 60 hawakutofautiana sana popote walipokuwa. Maana yake ni kwamba huko kushuka kwa homoni kunakotangazwa kama msiba wa uzee kunategemea pia mtu alianzia kimo gani, na kimo hicho hufuata lishe na kazi.

Tena maisha ya nyumbani nayo yana sehemu yake. Lamu, mwaka 2003, Peter Gray alitangaza kwamba wanaume wenye wake zaidi ya mmoja walikuwa na testosteroni nyingi kuliko wengine. Kaskazini mwa Tanzania, Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison waliwalinganisha Wahadzabe na Wadatoga, na habari zao zikachapishwa mwaka 2009. Kwa Wahadzabe, ambao baba hubeba na kulea watoto wadogo kwa bidii, waliokuwa na watoto walikuwa na homoni kidogo kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, ambao baba hukaa mbali na malezi ya watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Baba anayelala na mtoto mikononi na ambaye kipimo chake kimeshuka kidogo si mgonjwa.

Ni wangapi, basi, miongoni mwa wazee walio wagonjwa? Uchunguzi mkubwa wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2010 uliwaangalia wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79. Walipohesabiwa wale tu waliokuwa na dalili tatu za upungufu wa nguvu za ndoa pamoja na kipimo cha chini cha damu, walikuwa asilimia 2.1. Dalili kama uchovu na huzuni ziliwapata wengi mno, wenye homoni nyingi na wenye homoni chache, hata hazikuweza kutumika kumtambua mgonjwa.

Kinachopatikana na kinachotolewa

Mwaka 2016 zilitangazwa habari za wanaume 790 wa Marekani, wote wa miaka 65 na zaidi na wenye kipimo cha chini. Nusu walipakwa testosteroni ya mafuta kwa mwaka mmoja na nusu walipakwa mafuta matupu, bila mwenyewe kujua amepata ipi. Tamaa na uwezo wa tendo la ndoa viliongezeka kwa kadiri, na moyo wa furaha uliongezeka kidogo. Uchovu haukutofautiana kwa namna ya kuridhisha. Kwa mzee anayepanda kutoka Same kwenda shambani milimani na kuhema njiani, habari hiyo yafaa ijulikane: anayotafuta huenda hayamo katika chupa hiyo.

Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba dawa hii huua kwa moyo. Jaribio la mwaka 2023, lenye wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, lilipunguza hofu hiyo. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo viliwapata asilimia 7.0 ya waliopewa homoni na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na utaratibu na damu kuganda mapafuni vilizidi kidogo kwa waliopewa, na mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata kuvunjika mifupa kulizidi kwao, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa kuwa homoni hii huongeza uzito wa mfupa.

Haipewi mwenye saratani ya tezi dume. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba saratani hiyo hupungua korodani zikiondolewa, imejulikana kwamba hulishwa na homoni hii. Haipewi aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, wala mwenye damu nzito. Mwenye ugonjwa wa selimundu huhitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa homoni huweza kuamsha kusimama kwa uume kwa saa nyingi na kwa maumivu, jambo ambalo ugonjwa huo huleta hata bila dawa.

Tena yafaa itenganishwe na shida nyingine ambayo watu huichanganya nayo. Uume kukosa kusimama, huku tamaa ikiwapo, mara nyingi ni shida ya mishipa: kisukari, shinikizo la damu, sigara. Huweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo, na anayeinyamazisha kwa unga wa barabarani, kama ule uitwao vumbi la Kongo, huipoteza dalili hiyo. Vidonge vingi vinavyouzwa duniani kwa jina la mitishamba ya nguvu vimekutwa maabarani vimechanganywa kwa siri na sildenafili, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati huweza kuiangusha damu hata mtu akazimia au kufa.

Aliyethibitika kuwa na upungufu, asiyetazamia mtoto, na aliyekubali tiba, huingia katika safari ya miaka mingi. Sindano ya kawaida huchomwa kila majuma mawili au matatu. Siku za kwanza homoni hupanda kupita kawaida, na siku za mwisho hushuka, na mwenyewe huihisi tofauti hiyo. Damu yake hupimwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka, kwa sababu testosteroni huuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi. Zikizidi asilimia 54 ya damu yote, tiba husimamishwa hadi zipungue. Tezi dume nayo huangaliwa. Kwa mkazi wa kijiji cha wavuvi kando ya Nyumba ya Mungu hizo ni safari za kwenda hospitali kubwa, pengine hadi Moshi, pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea, na gharama hiyo ni sehemu ya uamuzi tangu mwanzo. Na ikiwa miezi sita imepita, kipimo kimefika mahali pake, na mwenyewe haoni nafuu yoyote, daktari huziacha sindano na kutafuta sababu nyingine ya ugonjwa wake.